Ng'ombe Mwenye Alama ya Kuuliza

Jumamosi tulifunga duka saa kumi,
mapema kuliko siku ya msiba.
Lomayani alifika kutoka Arusha na begi la mgongoni,
akaomba chai isiyo na sukari
na soketi mbili zisizolegea.

Seva ya zamani inakaa chini ya ngazi,
kati ya magunia ya pumba na madumu ya dawa ya kupe.
Miaka kumi na mitatu inakoroma pale.
Kila Ijumaa nimeifuta vumbi kwa kipande cha kanga
kilichobakiwa na neno moja tu la usemi wake: SUBIRA.

Mama Aikaruwa, mwenye duka, aliuliza mara moja:
"Unasema hesabu zangu zinahamia kwenye wingu.
Wingu lipi? Lile linaloficha Kibo,
au hili la Rau linalonyesha bila hodi?"
Lomayani akacheka. Mama hakucheka.
Aliacha funguo juu ya mizani, akaenda zake.

Saa tatu usiku tukaanza kuhama.
Hakuna mkokoteni, hakuna jasho,
ni mstari wa kijani tu unaotambaa kama jongoo:
asilimia nne, asilimia nne, asilimia nne,
tano.
Wateja elfu mbili mia sita wakipita kwenye waya
mwembamba kuliko kamba ya kiatu:
wa Kibosho na madeni yao, wa Marangu na risiti zao,
wa Himo waliolipa nusu na nusu wakaiapia.

Saa saba umeme ukakonyeza.
Betri ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa.
Tulishikana mikono bila kujua,
na mwanga uliporudi tukaachiana,
kila mtu akapata kitu cha kutazama ukutani.

Kisha akafungua orodha kule ugenini:
Dawa ya minyoo, ng?ombe.
Chanjo ya ng?ombe, chupa ndogo.
Mwalimu Mang?enya, Njia Panda.
Kile kialama kinachoning'inia baada ya ng,
ambacho mtoto wa darasa la pili hakisahau,
mashine mpya haikukijua.
Ng'ombe wote wa Kilimanjaro wamesimama zizini
na swali shingoni badala ya kengele.

"Dogo hilo," alisema. Mistari mitatu,
na kabla ya saa nane kila ng'ombe alikuwa na jina lake.

Lakini safu ya Maelezo haikuwa na pa kukaa.
Mfumo mpya unataka jina, simu, deni, tarehe.
Basi.
Nikamwomba aifungue kule kwa zamani, mara moja tu.
Yalikuwa maneno ya Ndewario, keshia wa kwanza,
tuliyemzika mvua za masika,
aliyeandika bila herufi kubwa wala nukta:

*mume kafariki asidaiwe mpaka kahawa iuzwe*
*huyu husema kesho na kesho huja kweli*
*msimpigie mchana yuko darasani*
*kuku wote wamekufa mpe mfuko mmoja nitalipa mimi*

Lomayani alisoma ule wa mwisho mara mbili.
"Alilipa?"
Nikatafuta. Alilipa.
Elfu thelathini na nane, taslimu, tarehe ya mshahara.

Nilinakili kwa kalamu hadi kucha za vidole zikawa buluu,
yeye akinisomea, mimi nikiandika,
kwenye daftari la kaunta lenye mistari myekundu.
Adhana ya Majengo ilitukuta herufi M.

Alfajiri akabonyeza kitufe, seva ikanyamaza.
Tukasikiliza.
Mngurumo ukabaki vilevile.
Kumbe miaka yote ile
lilikuwa friji la chanjo.

Jumatatu Mama ataniuliza kama vitu vyote vimefika.
Nitasema vimefika.
Daftari liko droo ya pili, chini ya kalkuleta,
na subira imekaa katikati ya kurasa.