Shimo la Kokoto

Maji nimeyavulia nguo, nikayavalia mpira:
suti ya kukodi, nyeusi, yenye harufu ya majasho ya wengine.
Zipu ya mgongoni kaifunga binti wa tikiti,
aliyeniuliza kwa adabu kama nina tatizo la moyo.
Nina miaka hamsini na mitatu. Moyo ninao.

Huku kwetu, kusini mwa Bremen, ziwa hili halikuumbwa. Lilichimbwa.
Nguzo tano zimelizunguka, na juu yake waya
unakwenda siku kutwa bila kupumua,
ukining'iniza kamba, na kila kamba na mtu wake.
Watoto wa miaka minane wananipita wakitafuna bigijii.
Mmoja kageuka, anakwenda kinyumenyume, ananipungia.

Enno yuko kibandani, mkono mmoja kwenye kitufe,
wa pili umeshika mkate wa samaki wa siki.
"Chuchumaa, Wiebke, kama uko msituni na haja imekubana.
Mikono nyoosha. Mpini usiuvute.
Waya ndio unaovuta. Kazi yako ni kuvutwa."

Kuvutwa! Mimi nimevuta kila kitu maishani:
kigari cha mapacha penye theluji,
Holger kutoka baa,
na talaka yenyewe, sahihi kwa sahihi.
Viwiko vyangu havijui lugha nyingine.

Ta! juu ya kichwa. Kamba ikakaza.
Nikavuta.
Skii moja ikaenda kaskazini, nyingine sikuiona,
na ziwa likaniingia puani likatokea, nadhani, masikioni.

Kuna sheria: ukianguka, achia, ogelea hadi ukingoni,
urudi kwa miguu, skii kwapani, ukitiririka
mbele ya wanywa kahawa.
Njia ni ya kokoto. Kila moja ina neno na unyayo wako.

Mara ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu nilisimama
urefu wa neno "nimesi—"
Ya nne nisiiseme.

Ni nyayo zilizonikumbusha baba.
Miaka kumi na tisa Dierk aliendesha mtambo humu,
shimo likiwa bado shimo, pampu zikinguruma usiku lisijae.
Barabara tunayopita kwenda madukani imelalia kokoto zake.
Jioni mama alimkung'uta mapindo ya suruali mlangoni,
mchanga ukamwagika, kikombe kizima.
Siku walipozima pampu alikwenda kutazama,
akarudi, hakula. "Linajaa kutokea chini," alisema, basi.
Kuogelea hakujua. Hakuja tena, hata kuvua samaki.

Mara ya tano Enno hakusema kitu. Alikuwa anatafuna.
Nikachuchumaa. Nikayaambia mabega: tulieni, si zamu yenu.
Ta!
Na kamba ikanichukua kama mtu anayenijua,
magoti yakakunjuka yenyewe, taratibu,
na maji, maji yaleyale, yakawa sakafu.
Sauti yake! Shuka jipya linachanwa kwa urefu,
linachanwa, haliishi, chini ya nyayo zangu.

Nilipita juu ya pale alipofungulia kopo lake la chakula,
mita ishirini chini, mikate miwili na yai.
Sikumwona. Maji ni ya kijani na jua lilikuwa machoni.
Nilipiga kelele tu, jina lake au "ooo", sikumbuki.

Nguzo ya pili ni kona. Hakuna aliyenipa habari za kona.
Kamba ikalegea, ikafikiri, ikanyakua.

Nilipoibuka, kofia ngumu imenifunika macho,
nikamsikia Enno kwa mbali: "Ungeachia mapema!"
Nikaogelea. Nikapanda ukingo kwa magoti.
Kokoto moja imeniganda kati ya vidole vya mguu;
nimeiacha ilipo.
Tikiti imebakiza dakika kumi na nane.