Usimgeuze Samaki

Somoe, jana tukinawa uliniuliza,
"Huko ulikokwenda, wanakulaje?"
Sikujibu. Tonge lilikuwa mdomoni.

Wiki tatu za mafunzo ya kubangua korosho,
Binh Phuoc, nchi ya Vietnam,
nyumbani kwa Mama Hanh,
mfupi kama kinu, mwepesi kama mchi.

Siku ya kwanza nilikaa nimekinga mikono,
nangoja mtoto aje na birika na beseni.
Nikapewa vijiti viwili.

Vijiti, Somoe!
Wali ukanidondoka, mchicha ukanikimbia,
kajukuu ka miaka minne kakanikodolea
kama sisi tunavyomtazama mgeni
anayechoma ugali kwa uma.
Nikachoka. Nikavichomeka wima katikati ya wali.

Meza nzima ikanyamaza.
Mama Hanh akavichomoa, akavilaza taratibu.
Mkalimani akaninong'oneza:
wima hivyo, ni udi wa marehemu.

Supu wanaivuta kwa sauti, fyuuu,
wala hakuna anayekoromewa.
Lakini hali mtu kabla hajawakaribisha wakubwa,
mmoja mmoja: bibi, karibu; baba, karibu; mjomba, karibu;
na wali unapoa.
Nikamkumbuka babu Chilumba:
mpaka amege yeye,
tulishahesabu nyufa zote za ukuta.

Akaletwa samaki mzima.
Upande mmoja ulipokwisha nikanyoosha mkono.
"Usimgeuze! Chombo cha mvuvi kitapinduka."
Bahari iko mbali, Somoe,
na katika ukoo wao hakuna hata mshona nyavu.
Wanauinua mwiba, wanaendelea chini yake.

Usiku wa kuaga, bakuli la korosho,
zimekaangwa kwa chumvi na ngozi zake nyekundu.
"Za kwetu hizi," akasema Mama Hanh, kifua mbele.
Mlangoni palikuwa na gunia la kufutia miguu,
herufi zimefifia: M, T, W,
zilizobaki zimeliwa na kandambili.
Sikusema kitu.
Nilipokea kwa mikono miwili,
kama wanavyopokea wao,
kama ulivyonifinya sikio mpaka nikajua.

Ndiyo maana jana, hapa Newala,
kata moja ya maji ikituzunguka watu watano,
nilinawa polepole hata ukanisonya.
Na ulipomaliza upande wa juu wa changu,
ukamshika mkia, ukampindua, pwa!
ukaniuliza mbona nimeshika ukingo wa mkeka.