Hatua Mbili Kasorobo

Kati ya ukuta wangu na wa Bwana Likomba
pana hatua mbili kasorobo.
Nimezipima mara tatu:
kwa mguu, kwa kamba ya fundi,
kisha kwa kanga, niliyoilaza chini ya dirisha
pindo lake likajikunja kwenye tofali.

Kwenye ramani ya nyumba paliandikwa "nafasi".
Nami nafasi niliitumia: pipa, ngazi iliyovunjika,
mabati mawili yaliyobaki, paka na wanawe.

Baba, kule Newala, alipanda mikorosho
hatua kumi na tano baina ya mti na mti.
Mkorosho ukisongwa, alisema, hununa.
Aliipa miti nafasi kuliko aliyotupa sisi,
wanne kitanda kimoja,
miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule,
na hatukununa.
Au tulinuna. Nani alihesabu?

Mimi nina ukanda huu tu, Chuno, mjini Mtwara,
na nataka mti.

"Usithubutu mkrismasi," akasema Fundi Namkaa,
amechuchumaa, penseli sikioni.
"Huo ni mgeni wa siku moja anayekuja na ukoo."
Akaninyooshea kidole kwa Likomba:
mjohoro umeinua sakafu ya baraza
kama mtu anayefunua sufuria kuonja,
umelifikia shimo la choo, umekunywa, umenenepa.
Ufa wa msingi sasa unameza sarafu ya mia mbili.
"Nyumba haibomolewi na kishindo, dada.
Hubomolewa na kiu."

Basi miashoki. Mitatu,
myembamba, mikono ubavuni,
kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi.
Mbali na bomba. Mbali na shimo.
"Na hiki kikopo cha nne?"
Mlangilangi, nikamwambia. Wa pembeni,
dirisha la chumba cha kulala.
Fundi akakohoa, akatazama ukuta.
"Huo uukate kichwa kila mwaka.
Usipoukata utaingia ndani ulale, wewe utoke."

Nikachimba mwenyewe.
Chini ya mchanga palikuwa na nyumba nyingine,
ile tuliyoitupa tukijenga hii:
saruji iliyoganda na umbo la mfuko wake,
misumari, kandambili ya mguu wa kushoto,
na pakiti tatu za sigara, zimekunjwa vizuri,
za marehemu,
aliyeniapia kwa Mungu kwamba ameacha.
Nikakaa ukingoni mwa shimo nikacheka.
Halafu sikucheka.

Jioni nikampigia mama.
"Unazaa nini huo?"
Hauzai, mama.
"Kuni?"
Hapana.
"Dawa?"
Sijui.
Mtandao ukakatika, au alikata yeye.

Ijumaa basi la Newala likamshusha stendi
na viroba viwili vya udongo mwekundu,
uliochotwa chini ya mkorosho wa kona, ule wa baba.
Kondakta alikuwa amevitoza nauli kama abiria
na mama alikuwa bado anamlaani.
Hakuomba maji. Hakuvua viatu.
Akapita ubavuni mwa nyumba, upande upande,
akainama, akamimina, akashindilia kwa kisigino.
"Usiozaa nao hula," akasema,
akaulizia chai.

Mwaka umepita na miezi kadhaa.
Miashoki imefika kwenye nondo za dirisha.
Kivuli bado, labda michirizi mitatu
kwenye ukuta wa Likomba, saa ya alasiri,
naye hajalalamika, ameanza hata kuusafisha ukuta.
Mlangilangi umetoa ua moja,
kijani, limelegea, hata nikadhani ni jani linalokufa,
hadi usiku, taa zilipozimwa,
chumba kikajaa mtu.

Mama siku hizi akipiga simu
haulizi presha yangu wala kazi ya ghalani.
"Wale wanne," anasema, "hawasongani?"
Nami husema subiri,
nikafungua dirisha kwanza, nikatazama.