Maagizo ya Pampu, Kabla Sijaenda Kutolewa Mtoto wa Jicho

Swabaha, keti hapa. Si hapo, hapo pana maji.
Boti ya Mokowe haingoji mtu,
na jicho langu la kushoto limeshakuwa ukungu mtupu,
basi nitasema haraka, nawe utazame kwa niaba yangu.

Swichi kuu ndiyo ile ya ukutani, chini ya kidaka cha chumvi.
Hii ndogo huizima pampu; haiuzimi umeme.
Kabla hujagusa kitu shusha ile kuu,
kisha toa fyuzi, uifunge fundo pembeni mwa kanga,
kwa maana nyumba hii ina watoto,
na ina Lali.

Vaa ndara. Kavu.
Hata kama ni dakika moja tu.
Dakika moja tu ndiyo jina la mwizi.

Kisima kina tabia zake. Bahari ikijaa nacho hujaa;
bamvua likifika huonja chumvi,
siku hizo usivute ila ya kuoshea baraza.
Maji yakitoka, kina hushuka mpaka vali ya chini ikameza hewa,
utaisikia pampu ikifyonza
kama mtu na mfupa usio na uboho.
Zima. Usiseme itapata tu.
Haitapata, itaungua,
na beringi zile nilizinunua kwa mahamri, moja moja.

Ikigoma kuvuta, ijaze kwanza kwa kizibo hiki cha juu,
polepole, mpaka mapovu yaishe.
Ni kama mgeni: haizungumzi kabla haijanywa.

Stima zikikatika usiku, amka uzime.
Hurudi na hasira.

Na usianike leso mbichi juu ya mota.
Najua hukauka upesi. Usianike.

Sasa waya huu, wa kijani na manjano.
Sogea uuone.
Lali aliukata akasema hauna kazi.
Pampu ikavuta bila huo miezi saba,
nasi tukamsifu kwa ufundi.
Kisha Karafuu, paka wetu, aliyependa kuilalia mota kwa joto lake,
tukamkuta asubuhi amenyooka.
Tukasema kala sumu ya panya ya jirani.
Tukawanunia jirani wiki mbili.
Kisha mfereji ukaanza kututekenya vidole tukitawadha,
Lali akasema, mai yaluma leo,
tukacheka, nyumba nzima.
Ijumaa ile alikuwa peku.

Mkono wake mpaka leo haufungui chupa ya sharubati.
Hukaa dakani na redio yake. Tangi likifurika
ndiye wa kwanza kuita,
lakini mlango wa kiwanda hauvuki.
Ukimpelekea chai, mpe mkono wa kushoto,
wala usimwombe radhi.

Hiki cha duara, kama mkebe wa maziwa, ni kapasita.
Huficha umeme tumboni hata ukishazima.
Usikiguse. Mwachie Fundi Kupi,
naye mwambie angoje kabla hajakifungua,
maana Kupi ni hodari, ila miraa yake humwita mapema.

Kila Jumatatu, umeme umezimwa, ipanguse chumvi kwa kitambaa kikavu;
hewa ya Langoni hula chuma kama mchwa.
Tazama chini ya sili. Tone moja si neno.
Matone yakifuatana, yahesabu, uniambie idadi,
usiniambie "kidogo".

Haya, wananiita gatini.
Kesho kutwa nitapiga simu, jicho likiwa na bandeji.
Usiniambie nyote wazima, kila mtu husema hivyo.
Vaa ndara, simama mlangoni, pakavu,
iwashe pampu,
uielekeze simu huko,
kisha uninyamazie
niisikie.