Kisigino cha Mzee Otar

Kutaisi, wodi ya tatu, theluji dirishani.
Juzi tu Tekle alivua joho la mahafali;
leo Nazibrola anamkabidhi rula ya karatasi
na kisigino cha mzee Otar.

"Pima kidonda. Urefu, upana, kina.
Usiniambie kibaya. Kibaya ni sentimita ngapi?"

Tekle anabandua bendeji, maji ya chumvi yakiilainisha,
harufu inampanda puani,
na Otar, aliyekuwa akitazama dari,
sasa anamtazama yeye.

Vitabuni hamkuwa na ukurasa wa hili.
Anameza mate. Anauliza
zabibu za mwaka huu zilikuwaje.

"Tamu," mzee anasema, na mguu unalegea.

Nazibrola anajaza fomu: nne kwa tatu.
Pembeni, kwa penseli:
uso wa nesi, safi.