Mguu wa Tatu

Sakafu ya ukumbi wa Langoni haina imani:
huku imebonyea, kule imefura,
na stendi yangu ina miguu mitatu,
miwili tu ndiyo yenye adabu.

Nilikunja pakiti ya maziwa, nikaitia chini.
Shee akapiga msondo, pakiti ikachomoka.
Nikaomba jikoni kilo nne za mchele,
nikaufunga kwa leso katikati ya miguu,
ukaning'inia kama mtoto aliyelala.
Kishikwambi kikatulia, kikanitazama.
Feni nikaigeuza uso. Waya nikaubandika kwa utepe.

Tukaenda vizuri hadi ubeti wa tatu,
ule wa jirani mwenye sikio ukutani.
Hapo mpishi akaja, hana habari na fidla:
"Maji yashachemka."
Akafungua leso, akaenda na mchele wake.

Stendi ikayumba. Nikaikinga kwa goti,
kidole kikagusa kioo,
ukurasa ukarudi nyuma
nami, mdomo wazi,
nikauimba ubeti uleule mara ya pili.

Ukumbi ukalipuka vigelegele.
Noti zikanibandika paji la uso.
Bi Mwanakombo, safu ya mbele,
akakusanya buibui na viatu,
akatoka bila kuaga.

Leo siku ya nne.
Nikipita mlangoni pake napewa mgongo.
Nimemtuma Famau akamweleze:
halikuwa fumbo, ulikuwa mguu wa stendi.
Amejibu:
basi mguu huo wanijua kwa jina.