Jongoo na Mti Wake

Daftari hili ni la mizani ya kahawa.
Mbele: gunia, kilo, unyevu, jina la mkulima.
Nyuma, kwa penseli, mkaguzi asione:
Jongomoto. Uhai, mia na kumi. Ngozi nzuri.
Shambulio la kuonea huruma.
Mwendo, kumi na nane.

Kumi na nane!
Mwewe-Radi wa Aminieli huruka mia na thelathini.
Kabla jongoo wangu hajakunjua mguu wa kwanza
(anayo mia mbili, niliihesabu siku ya mvua)
ameshadonolewa mara mbili,
na kijana ameshafungua soda.
"Mama Lyatuu, mtupe huyo.
Chukua Simbachuma kama watu wote."

Watu wote hawakuwa nami msimu ule wa zamu za usiku,
malori ya Kibosho yakichelewa,
yai likipasuka kwenye simu yangu saa tisa,
kikatoka kitu kimejikunja kama pete,
kinawaka kidogo, kama kijinga kilichosahauliwa jikoni.

Basi nikapima. Kupima ndiyo kazi yangu.
Alama mia tatu za kugawa.
Hata nikimpa mwendo zote hamfikii mwewe,
na katika mbio za wawili
wa pili ndiye wa mwisho.
Mwendo: sifuri. Nikafuta.
Nikaandika tena: sifuri.
Uhai, mia na hamsini. Ngozi, mia na arobaini.
Zile kumi zilizobaki nilizikalia siku tatu
kama chenji ya mtu aliyeondoka bila kuidai,
kisha nikazitia kwenye shambulio,
kwa heshima tu.

Mbinu ni nne, hairuhusiwi ya tano.
Jikunje.
Sumu ya Taratibu.
Moshi Mzito: ukitanda, kwa raundi tano
mwepesi hupotea njia na mzito hutangulia.
(Moshi, naam. Mji huu haukuniacha bila silaha.)
Ya nne niliipata mwishoni kabisa mwa orodha,
mahali ambapo wenye haraka hawafiki:
Mti Wake. Akianguka, aliyemwangusha huanguka naye.
Nikacheka peke yangu pale ghalani.
Waliotunga mchezo huu sijui ni watu wa wapi,
lakini kuna bibi aliwanong'oneza:
mtupa jongoo hutupa na mti wake.

Nilijaribu na Ombeni, mtoto wa jirani, pale Pasua,
mtori ukichemka.
Nikashindwa mara kumi na moja.
Mtori ukaungua mara moja.
Kosa, akasema Ombeni bila kuinua macho,
unawahi kuwasha moshi. Jikunje kwanza.
Yaani mimi, mwenye jongoo, nilikuwa na haraka.

Jumamosi, Kiboriloni, nyuma ya mafundi simu,
tumekalia marobota ya mitumba.
Alijikunja. Mwewe akadonoa ganda.
Moshi ukatanda, na kwa raundi tano
nilimwona mnyama wangu akitangulia,
miguu mia mbili ikipiga chini kama mvua ya bati,
sumu ikipanda kwenye bawa.
Aminieli akaacha kunywa.
Akabaki mwewe mmoja, jongoo mmoja.
Moshi ukaisha.
Nikabonyeza Mti Wake.
Mwewe akashuka na radi yake yote.

Jongoo akaanguka.
Kimya.
Mwewe akaanguka.

Fundi mwenye duka akatafuta sheria, akasoma kwa sauti:
wakianguka wote, aliyetangulia kuanguka ameshindwa.
Mara moja maishani mwake
Jongomoto alimtangulia mwewe bila moshi,
na ilikuwa mara hiyo.

Aminieli akanisindikiza hadi barabarani.
Akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kionekane anakitaka,
mayai ya jongoo hupatikana ngazi ya ngapi.

Jumatatu. Mbele: gunia mia na sita, unyevu kumi na moja.
Nyuma, kwa penseli:
mwendo, bado sifuri.
Afundishwe kuanguka polepole.